Kanisa na Manabii Wake, kutoka Msongari hadi Kangemi

Ukitoka Westlands kwa Waiyaki Way, ukakata kushoto na kuingia James Gichuru, barabara ambayo wakazi wa zamani waliijua kama St. Austin's Road, hukawii kufika Msongari. Hapo ndipo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipopiga kambi mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Walijenga misheni, wakapanda kahawa, wakafungua shule, na wakatenga kipande cha ardhi cha kuzikia wenzao.

Katika makaburi hayo amelala Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyefariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 akiwa na umri wa miaka 36. Na mwaka 2003 alizikwa hapo hapo Kardinali Maurice Michael Otunga, aliyekuwa ameomba alazwe miongoni mwa wamisionari. Mwili wake haukukaa sana. Mwaka 2005 ulihamishiwa Resurrection Garden, Karen. Hakuna kati ya wawili hao aliyejiita nabii. Hata hivyo, anayetaka kuelewa Kanisa Katoliki linaelewaje unabii hapati mahali pazuri zaidi pa kuanzia katika jiji hili, maana katikati ya vifo hivyo viwili kuna kisa kikubwa cha unabii, na wote wawili walikigusa. Mmoja alipanda mbegu bila kujua itaota nini. Mwingine ndiye aliyekuwa askofu ilipoota.

Quinn alitumwa Afrika Mashariki mwaka 1936 na Legio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na mtumishi wa serikali aliyeitwa Frank Duff. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na alishalazwa sanatoria, na wengi waliona ni wazimu kumpeleka safari ya namna hiyo. Nairobi wakati huo ilikuwa bado chini ya Vikarieti ya Zanzibar, ya Askofu John Heffernan. Kutoka hapa Quinn alizunguka kwa gari bovu katika Kenya, Uganda na Tanganyika, akafika hadi Nyasaland na Mauritius, akianzisha vikundi parokia baada ya parokia. Kazi yenyewe kwa nje ilikuwa ya kawaida kabisa: watu wanakutana kila wiki, wanasali rozari, wanagawana kazi ya kutembelea wagonjwa na waliolegea katika imani, wiki inayofuata wanatoa ripoti.

Ukawaida huo unaweza kutudanganya. Katika misheni za enzi ile padre alikuwa kila kitu: mwalimu, mganga, hakimu, mwenye funguo za ghala. Legio ya Maria ilimweka mama wa kijijini kwenye kiti cha mwenyekiti. Alifungua sala yeye, aliuliza maswali yeye, na majirani walimjibu. Padre alikuwepo kama mlezi, tena mara nyingi hakuwepo, kwa sababu parokia moja ilikuwa na vigango vingi na padre ni mmoja au wawili. Quinn alipokufa, vikundi vilibaki na kuongezeka, na hasa katika nchi ya Wajaluo kando ya Ziwa Viktoria vilishika mizizi.

Sasa tuje mwaka 1963. Kenya ilikuwa inaelekea uhuru. Kusini mwa Nyanza, mwanamke kijana aliyeitwa Gaudensia Aoko, Mkatoliki wa umri wa miaka ishirini hivi, alifiwa na watoto wawili kwa siku moja. Watu wa huko walijua maelezo ya msiba kama huo: kuna mkono wa mtu. Aoko alitafuta jibu, na jibu alilolipata lilikuja kwa maono. Alianza kuhubiri dhidi ya uchawi na pombe, akawataka watu walete hirizi zao zichomwe, na akabatiza. Hilo la mwisho ndilo lililotikisa. Katekumeni wa Kikatoliki alisubiri miaka akijifunza katekisimu, na mwanamume mwenye wake wengi, au mke wa pili, hakuwa na njia ya kufikia ubatizo bila kuvunja nyumba. Aoko aliwabatiza siku ile ile. Makumi ya maelfu walimfuata.

Hakuwa peke yake. Simeo Ondeto, Mkatoliki pia, alikuwa tayari amekusanya wafuasi waliosema kwamba Mungu amekuja kwa Waafrika kama alivyokwenda kwa wengine. Kulikuwa na mwanamke mzee waliyemwita Mama Maria, na wafuasi wakaamini kwamba ni Bikira Maria mwenyewe aliyerudi. Ondeto akaitwa Messias. Harakati hiyo ikachukua jina kutoka kwenye vikundi vilevile vilivyoanza na safari za Quinn: Legio Maria. Iliandikishwa rasmi mwaka 1966, na ikawa na papa wake, makardinali wake, maaskofu na mapadre wake. Walishika Kilatini katika misa wakati Roma yenyewe ilikuwa inakiacha. Jumapili mitaani Nairobi bado utawaona na kanzu zao za rangi na rozari shingoni, na mgeni asiyejua anaweza kudhani amekutana na shirika la masista.

Eneo hilo lote lilikuwa Jimbo la Kisii, lililoundwa Mei 1960. Askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga.

Otunga alikuwa mtoto wa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu na angeweza kurithi kiti. Alichagua seminari, akapewa upadre Roma mwaka 1950. Watu waliomjua humtaja kwa upole wake na kwa kutopenda makuu. Miaka ile alikuwa na mzigo wa pande mbili, maana kati ya 1962 na 1965 maaskofu wote duniani waliitwa Roma kwa vipindi vya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso ulipitisha hati juu ya Kanisa, na hati hiyo inafundisha kwamba kila mbatizwa, si padre tu, anashiriki kazi ya Kristo ya kuhani, nabii na mfalme. Na kwamba Roho hugawa karama zake kwa waamini wa kila ngazi kama apendavyo. Maaskofu wakafundisha hivyo, na nyumbani kwa mmoja wao walei walikuwa wameshalichukua fundisho bila kungoja lipigiwe kura.

Kanisa halikuitambua Legio Maria. Ni rahisi kusema lilifanya hivyo kwa wivu wa madaraka, na sikatai kwamba wivu ulikuwepo. Vigango vilikuwa vinabaki vitupu. Lakini sababu ya ndani ni nyingine, na bila kuielewa huwezi kuelewa Ukatoliki juu ya jambo hili. Kanisa hutofautisha ufunuo wa hadhara na ufunuo binafsi. Wa hadhara ni ule uliokamilika katika Kristo na mitume wake. Hautaongezewa sura mpya mpaka mwisho wa dunia. Ufunuo binafsi, yaani maono, njozi na sauti za baadaye, unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini kazi yake ni kumsaidia mtu aishi ule wa kwanza katika wakati wake. Mtu akisema ameona, atasikilizwa, walau kwa kanuni. Akisema yeye ndiye Masiya, mazungumzo yamekwisha. Maono ya Aoko yangeweza kupimwa. Cheo cha Ondeto hakikupimika.

Na mimi huona kwamba hapo ndipo Kanisa la Nyanza lilipopoteza kitu. Mama aliyezika watoto wawili alikuwa anauliza swali ambalo katekisimu ya misheni haikuwa na ukurasa wake. Miaka michache baadaye Aoko mwenyewe aliiacha Legio Maria, ambako nako wanawake hawakupewa upadre, akaenda zake na wafuasi wake. Makanisa mawili, yote yenye papa, hayakuweza kumweka.

Jambo hili lina umri mrefu. Karne ya pili, huko Frigia katika Uturuki ya leo, Montano na wanawake wawili, Priska na Maximilla, walitabiri kwa jina la Roho na kudai kwamba neno lao ndilo la mwisho. Maaskofu wa Asia waliwakataa, lakini Tertuliano wa Kartago, Mwafrika, bingwa wa kalamu kuliko wote wa Kilatini wa wakati wake, akajiunga nao. Alichoshwa na Kanisa lililokuwa limeanza kustarehe. Tangu hapo Kanisa limeishi na mashaka mawili kwa pamoja: hofu ya nabii wa uongo, na hofu ya kumzima wa kweli. Mtakatifu Paulo alikwisha kuwaambia Wathesalonike kwamba wasiudharau unabii, ila wapime kila kitu. Kipimo kipi? Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, kina jibu ambalo ningependa libandikwe pembeni mwa mabango ya manabii wa siku hizi, wenye suti na simu za M-Pesa: nabii msafiri akikaa siku tatu, au akiomba fedha, huyo ni wa uongo. Hakuna elimu ya juu ndani yake. Ni akili ya mama mwenye nyumba aliyepokea wageni wengi.

Baadaye vipimo vikawa vya kisheria. Mwaka 1516 Mtaguso wa Tano wa Laterani uliwakataza wahubiri kutangaza tarehe ya mwisho wa dunia. Karne ya 18 Prospero Lambertini, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa Kumi na Nne, aliandika kwamba hata ufunuo binafsi uliokubaliwa na Kanisa haumdai mtu imani ile ambayo Mungu anamdai. Unastahili kuaminiwa kwa busara ya kibinadamu, basi. Mkatoliki anaweza kufa mtakatifu bila kuamini maono ya Lourdes. Kanuni za kuchunguza matukio ya namna hiyo ziliandikwa Roma mwaka 1978, zikapelekwa kwa maaskofu bila kutangazwa kwa watu, na mpya zimetolewa tarehe 17 Mei 2024. Hizi mpya zinamwelekeza askofu, kwa kawaida, asitamke kwamba jambo limetoka mbinguni. Aseme tu kama kuna kizuizi au hakuna.

Afrika Mashariki ina tukio moja lililopita katika vipimo hivyo hadi mwisho. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya bweni ya wasichana Kibeho, kusini mwa Rwanda, Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na mwanamke aliyejiita Mama wa Neno. Wenzake walimcheka. Marie Claire Mukangango ndiye aliyemcheka kuliko wote, mpaka naye alipoanza kuona, Machi 1982. Katikati yao alikuwapo Nathalie Mukamazimpaka. Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare hakukurupuka. Aliteua tume mbili, ya madaktari na ya wanateolojia, na tarehe 15 Agosti 1988 akaruhusu ibada ya hadhara mahali pale huku akiacha swali la maono lenyewe wazi.

Siku wanayoikumbuka watu ni 15 Agosti 1982. Wasichana walilia na kuanguka, wakasema wanaona mto wa damu, watu wakiuana, maiti zisizo na wa kuzizika. Miaka 12 baadaye, Aprili 1994, maelfu waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humo. Marie Claire mwenyewe hakuvuka salama miaka ile. Tamko la kukubali maono ya wasichana hao watatu lilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, mtu ambaye mwaka 1999 alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji yale ya kimbari, na kuachiwa huru na mahakama Juni 2000. Sijui historia nyingine ya Kanisa ambamo aliyepima unabii alitoka kizimbani mwaka mmoja kabla.

Wengi huitaja Kibeho kama ushahidi kwamba utabiri ulitimia. Wanateolojia wa Kikatoliki wangependa tuisome kupitia Yona. Yona aliwaambia watu wa Ninawi kwamba mji wao utaangamizwa. Wakatubu, mji haukuangamizwa, na Yona akakasirika kwa sababu utabiri wake umekuwa uongo. Kwa Biblia, huo ndio unabii uliofaulu. Onyo la Kibeho lilitolewa liepushwe, na kutimia kwake ndiko kushindwa kwake.

Unabii basi ni onyo kabla ya kuwa utabiri, na katika Kenya neno la kinabii la Kikatoliki lililowagusa watu wengi halikutoka kwa waona maono. Lilitoka Westlands kwa karatasi. Waumini House, yalikokuwa makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki, iko kando ya Waiyaki Way, na maaskofu hawa wa nyaraka na mihuri wangeonekana watu wa mwisho kufanana na nabii Amosi. Otunga alikuwa sasa Askofu Mkuu wa Nairobi, tangu 1971, na kardinali tangu 1973. Chama tawala kilipoleta kura ya mlolongo mwaka 1986, ambapo mpiga kura alisimama nyuma ya picha ya mgombea mbele ya macho ya chifu, maaskofu walipinga. Aliyepaza sauti zaidi alikuwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru. Vurugu za kikabila zilipoanza Bonde la Ufa mwishoni mwa 1991, jimbo lake ndilo lililojaa wakimbizi, nyumba zilizochomwa na wakulima waliolala kwenye viwanja vya parokia. Waraka wa maaskofu wa mwanzo wa 1992 ulisomwa katika misa nchi nzima, na nyaraka zilizoufuata mwaka huo ziliwanyooshea kidole wakubwa waziwazi. Hakuna utabiri ndani ya nyaraka hizo. Zilisema kinachotendeka na nani anakitenda, jambo ambalo magazeti mengi yalikuwa bado yanalizunguka.

Otunga hakuwa mtu wa kuita waandishi. Wengi walimlaumu kwa ukimya wake wa miaka ya kwanza, na mwaka 1996 walimlaumu zaidi alipoongoza kuchoma kondomu hadharani Uhuru Park wakati ukimwi unamaliza vijiji. Aliyekusudia kumwita nabii lazima aibebe na hiyo. Ndingi ndiye aliyempokea kiti cha Nairobi mwaka 1997.

Na kuna mmoja aliyelipa kwa maisha. John Kaiser, Mmarekani kutoka Minnesota, aliyewahi kuwa askari wa miavuli, alifika Kenya mwaka 1964 kama padre wa Mill Hill. Alipelekwa Jimbo la Kisii, kwa Askofu Otunga, miezi ambayo Legio Maria ilikuwa inatoboa vigango. Alikaa huko miaka mingi, mwindaji wa nyama kwa ajili ya mafundi wake, mpanda pikipiki. Mwaka 1994 alikuwa Maela, kambi ya waliofukuzwa mashambani, na aliona serikali ikiivunja usiku wa Desemba na kuwapakia watu kwenye malori. Kuanzia hapo hakunyamaza. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza vurugu za kikabila, na kuwataja vigogo kwa majina. Serikali ikataka kumfukuza nchini, kama vile kuhani Amazia alivyomwambia Amosi arudi kwao Yuda akatabiri huko. Kaiser aliandika kumbukumbu zake na kuzipa jina linalosema yote: kama nikifa.

Agosti 2000 aliitwa Nairobi na Balozi wa Papa, Askofu Mkuu Giovanni Tonucci, ambaye ofisi yake ilikuwa Manyani Road, si mbali na Msongari. Siku zile marafiki walimwona akiwa na hofu, halali, bunduki haimtoki mkononi. Asubuhi ya tarehe 24 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, kichwa kimepigwa risasi. Wapelelezi wa Marekani wa FBI walisema mwaka 2001 kwamba alijiua. Maaskofu walikataa, wakadai uchunguzi wa mahakama, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu aliamua kwamba aliuawa na watu wengine. Hakuna aliyehukumiwa.

Wasomaji wa Kikatoliki huuliza kwa nini mtu kama huyo hajatangazwa chochote, ilhali Quinn alishapewa cheo cha Mheshimiwa na Yohane Paulo wa Pili tarehe 15 Desemba 1994, na kesi ya Otunga imefunguliwa naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Jibu ni lile lile lililowachosha watu wa Kibeho kwa miaka 20. Roma haina haraka na wafu, na walio hai inawapa muda mrefu zaidi.

Ijumaa tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alipelekwa Kangemi, kwenye parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayoongozwa na Wajesuiti. Kangemi ni Westlands vilevile, eneo bunge moja na Loresho na Spring Valley, ingawa mvua ikinyesha huwezi kuamini. Waliotarajia baraka na picha walisikia jambo jingine. Alizungumzia maji kuwa haki, si bidhaa ya anayeweza kulipa. Kodi za vyumba zisizo za haki. Matajiri wanaojikusanyia ardhi. Na hata viwanja vya shule vinavyonyemelewa, wakati nchi ilikuwa bado inakumbuka watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road waliorushiwa gesi ya machozi Januari mwaka ule wakitetea uwanja wao. Alisema yote hayo ni matokeo ya ukoloni wa aina mpya. Mkazi wa Kangemi hakusikia habari hata moja aliyokuwa haijui.

Kutoka hapo msafara ulielekea Kasarani, ambako vijana walijaa uwanja wa michezo. Aliweka pembeni hotuba iliyoandikwa. Kijana mmoja alikuwa amemuuliza kuhusu ufisadi, naye akawajibu kwamba ufisadi ni kama sukari, ni mtamu, huingia kidogo kidogo, na mwishowe nchi nzima inaugua. Rais Uhuru Kenyatta alikuwapo. Siku nne kabla alikuwa ametangaza ufisadi kuwa tishio kwa usalama wa taifa. Uwanja ulipiga makofi, na alasiri hiyo hiyo Papa akapanda ndege kwenda Entebbe.